Kitepe Chekundu Kwenye Kreti

Pale ufukweni Karungu kila mkulima wa nyanya ana mashamba mawili, na moja huwa halitajwi mbele ya mnunuzi.

Linalotajwa ni shamba la chini, karibu na ziwa, ambako pampu ya petroli huvuta maji na mimea husimama kwa mistari kama kwaya. Hilo ni la soko. Hilo hupigwa dawa. Lisilotajwa ni kipande kilicho nyuma ya jiko, ukubwa wa mikeka mitatu hivi, kimezungushiwa wavu mkuukuu wa kuvulia omena, dagaa wa ziwani, ili kuku wasiingie. Hapo kuna mboga za majani za kienyeji, osuga na akeyo, kuna miche saba ya nyanya, na kinachowekwa udongoni ni samadi ya mbuzi na jivu. Hapo ndipo watoto wa nyumba hulishwa. Hakuna mkutano uliowahi kukaa ukaamua hivyo. Ni jambo lililojipanga lenyewe, kama watu wanavyojua bila kuambiwa mahali pa kuoga na mahali pa kuteka maji ya kunywa.

Scovia Akoth alikuwa na mashamba hayo mawili kwa miaka kumi na miwili. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mrefu, bega lake la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia. Watu wa ufukweni waliliita bega la pampu, kwa sababu ndilo lililobeba lile dumu la pampu ya kupigia dawa, lita ishirini, mgongoni, mstari baada ya mstari. Mumewe Zadock alikuwa fundi wa injini za boti, na injini zilipokosa kuharibika, nyanya ndizo zilizolisha nyumba na kumlipia karo kijana wao Cliff huko chuoni Migori.

Alipopiga dawa, Scovia alijifunga leso puani na mdomoni. Akimaliza, hakumgusa mtoto wa mtu kabla ya kuoga. Nguo za dawa alizifua peke yake, mbali na nyingine. Kwa hiyo asije mtu akasema hakujua. Alijua. Karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ilisema subiri siku saba ndipo uchume. Wangwe, broka aliyekuja na pikipiki ya magurudumu matatu kukusanya nyanya, alisema kesho.

Na kesho ya Wangwe ndiyo ilishinda kila mara. Soko halingoji, alisema. Nyanya iliyopigwa dawa jana inang'aa, ni ngumu, inafika Magunga bila kupasuka, inawafikia wachimba dhahabu wa Macalder ikiwa bado imekaza. Scovia aliwahi kubeba ndoo moja ya nyanya za nyuma ya jiko akaenda nayo sokoni kujaribu. Zilikuwa na madoa, mbili zilikuwa na tundu. Wanawake walizigeuza kwa vidole viwili kama wanaoshika kitu kilichooza, wakaziacha. Mteja hutaka nyanya isiyoguswa na mdudu, wala hajiulizi mdudu aliikimbia kwa nini.

Wangwe alikusanya kutoka kwa wakulima wengi, na ili kreti zisichanganyike kila mmoja alifunga alama yake. Onyango, jirani yake Scovia, alifunga kamba ya wavu ya rangi ya buluu. Mwingine alifunga mfuko wa maziwa. Scovia alifunga kitepe chekundu alichokikata kutoka kwa pazia lililochakaa, pazia la kwanza la nyumba yake, alilopewa na mama yake siku alipoolewa. Lilikuwa jekundu lenye maua madogo meupe, na pindo lake lilikuwa limeshonwa mishono miwili miwili. Hakufikiria kitu. Alichukua makasi, akakata kilichokuwa karibu.

Alhamisi moja asubuhi kaka yake Maxwell alimpigia simu kutoka Magunga.

"Mama anaumwa tumbo wiki ya tatu sasa. Amepewa dawa hospitali, anameza, halafu maumivu yanarudi. Njoo umwone."

Mama yao, Phanice, alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka mingi aliishona Magunga nzima: sare za shule, magauni ya kwaya, suruali za askari wa mbugani. Macho yalikuwa yamepungua lakini vidole vilikuwa bado vinakumbuka. Na alikuwa mtu wa mila kweli kweli. Mama mzazi hazoeani na nyumba ya mkwe wake. Haingii ovyo, hali hapo, wala halali hapo. Siku hizi wengi wanalegeza. Phanice hakulegeza hata uzi mmoja. Katika miaka ishirini na mitatu ya ndoa ya binti yake alifika Karungu mara moja tu, siku ya kumzika mjukuu, akakaa kwenye kiti nje chini ya turubai, akalia, akaondoka bila kuonja hata maji. Hakuwahi kuliona jiko la binti yake. Hakuwahi kuona kilicho nyuma yake.

Scovia naye, akienda kumsalimia, alibeba sukari, majani ya chai, sabuni na mafuta ya kupikia. Ndivyo binti anavyokwenda kwao. Nani humpelekea mama yake mboga zenye matundu, akaonekana ameolewa kwenye njaa?

Alifika Magunga saa sita akamkuta mama yake ameketi mlangoni, amekonda, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Lakini alikuwa amepika. Alikataa kusaidiwa. Akaweka mezani ugali, samaki aina ya ngege wa kukaanga aliyelala ndani ya mchuzi mzito mwekundu, na pembeni sahani ya nyanya mbichi zilizokatwa duara duara, zimenyunyiziwa chumvi.

"Kula, nyara," alisema, akimwita 'binti yangu' kwa Kijaluo kama alivyomwita tangu utoto. "Leo unakula jasho lako mwenyewe."

"Jasho langu vipi?"

Phanice akacheka, akaonyesha ukutani kwa kidevu. Kwenye msumari, kando ya kalenda ya kanisa, palining'inia kishada cha vitepe vyekundu vyenye maua madogo meupe. Vilikuwa vingi. Vingine vilikuwa vimepauka, vingine bado vina rangi yake.

"Ulifikiri sitajua pazia langu? Huo mshono ni wangu, nilishona mara mbili juu ya pindo kwa sababu hicho kitambaa kilikuwa kinafumuka. Mwaka juzi nimeona kwa Beverly pale sokoni, kimefungwa kwa kreti. Nikamuuliza, hizi nyanya zimetoka wapi? Akasema Karungu. Nikasema basi! Tangu siku hiyo sinunui kwa mtu mwingine. Kreti ikiisha ananiwekea kitambaa changu."

Akachukua kipande cha nyanya mbichi, akakitia mdomoni, akafumba macho kidogo.

"Daktari ameniambia nile matunda. Matunda ya kila siku nitatoa wapi, mimi? Nikasema, si mtoto wangu ana nyanya. Sasa nakula mbili asubuhi, mbili jioni. Nafuta tu na leso, maji ya hapa si unaijua taabu yake."

Scovia alikuwa amemega tonge. Tonge likabaki mkononi.

Kreti zilizofika Magunga jana yake alizijua moja moja. Alikuwa amezipiga dawa Jumanne jioni, na leso puani. Jumatano alfajiri Wangwe akaja. Jumatano mchana zikawa sokoni Magunga.

"Mbona huli?" mama yake akauliza. "Mtu anaogopa kazi ya mkono wake?"

"Mama, wacha kula hizo."

"Zimefanya nini?"

"Zimepigwa dawa."

"Nyanya gani haipigwi dawa siku hizi? Hata Maxwell anapiga mahindi yake."

"Zilipigwa juzi jioni, Mama. Jana asubuhi zikachumwa. Inatakiwa siku saba."

Phanice alitafuna polepole, akameza, kwa sababu hakuwa mtu wa kutema chakula mbele ya mtu. Kisha akauliza swali ambalo Scovia alikuwa ameliogopa tangu aone vile vitepe.

"Na kwako mnakula hizi?"

Scovia akaliweka tonge kando ya sahani.

"Nimekuuliza."

"Tuko na zingine. Nyuma ya jiko. Za samadi tu."

"Zingine." Phanice alilirudia neno hilo taratibu. "Kwa hivyo kuna za nyumba, na kuna za watu."

"Kila mtu anafanya hivyo, Mama. Ukiacha kupiga, mdudu anamaliza yote kwa wiki moja. Na ukingoja siku saba, broka anaenda kwa mwingine. Mimi sikujua ni wewe unakula!"

"Hiyo ndiyo inanichoma!" Sauti ya mwanamke mgonjwa ikapanda mpaka Maxwell akasimama uani. "Hukujua ni mimi! Kama si mimi ilikuwa sawa? Huyo ulifikiri anakula, yeye hakuzaliwa? Hana tumbo?"

"Mama..."

"Nyamaza. Mila imenifungia mlango wako, nikakubali. Nikasema soko haijafungwa, nitakula jasho la mtoto wangu kwa pesa yangu. Beverly ananicheka, ananiambia nyanya ni nyanya. Nikamwambia hapana, hizi nazijua. Miaka miwili najivuna!"

Akachukua sahani ya nyanya mbichi, akaifunika kwa sahani nyingine, akaisukuma mbali kama kitu cha aibu kisichofaa kuonwa na wageni. Ngege akabaki amelala kwenye mchuzi wake. Hawakula. Kama ni nyanya zilizomuumiza tumbo, hakuna aliyeweza kusema. Daktari hakusema ni zenyewe, na hakuna aliyemuuliza. Lakini baada ya siku ile Scovia hakuweza tena kujiambia kwamba si zenyewe.

Alirudi Karungu Ijumaa na hasira iliyokosa mahali pa kukaa. Alimkasirikia muuza dawa aliyemfungia chupa kwenye gazeti bila kusema neno la siku saba, akasema tu hii inaua kila kitu, kama anayesifu. Alimkasirikia yule bwana wa mradi aliyekuja ufukweni mwaka uliopita na viti vya kukodi, akawafundisha kilimo hai kwa saa mbili, akawagawia soda na kofia, akaenda, na wa kununua hizo nyanya za kilimo hai hakumleta. Kofia zilibaki. Aliwakasirikia wanunuzi wanaogeuza nyanya kwa vidole viwili. Na kila alipomaliza kumkasirikia mtu mmoja alijikuta amerudi kwake mwenyewe, mwanamke mwenye leso puani, anayeoga kabla ya kugusa mtoto.

Zadock alimpokea kwa habari njema.

"Mama Cliff, nimekusaidia. Wangwe amepiga simu, anakuja kesho asubuhi, bei imepanda. Nimepiga dawa leo shamba lote. Na mama anaendeleaje?"

Scovia alimtazama mumewe, mikono yake bado ina harufu ya dawa, uso umefurahi.

"Anakula nyanya zetu," alisema, akaingia jikoni.

Jumamosi asubuhi Wangwe alifika akipiga honi kuanzia njiani, kijana mnene mwenye maneno matamu na miwani ya jua kwenye paji la uso. Kreti kumi na nne zilikuwa zimepangwa kivulini, zimejaa, zinang'aa. Hazikuwa na kitepe. Kando yake kulikuwa na meza, viti vitatu, na sahani kubwa ya kachumbari: nyanya, kitunguu, dhania, chumvi, pilipili kidogo.

"Mathe!" Wangwe akasema, akimwita mama kwa lugha ya vijana. "Leo umetupokea kama wakwe!"

"Mtu hapakii mzigo na njaa. Kaa, Wangwe. Baba Cliff, na wewe kaa."

Wakakaa. Zadock akanawa, akanyoosha mkono, na mkono ulipokuwa umefika nusu ya njia akauliza, kwa mazoea tu, "Hii ni ya nyuma, si ndiyo?"

"Ni ya chini. Nimechuma sasa hivi."

Mkono wa Zadock ukarudi gotini.

Wangwe akacheka peke yake. "Mathe, mimi niko na vidonda vya tumbo. Vitu chachu vinanimaliza."

"Jumatano ulikula maembe mabichi na pilipili hapa hapa."

"Hapo ndipo vilipoanzia."

"Kula kijiko kimoja," Scovia alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hapo ndipo Zadock alipoanza kuogopa, kwa sababu mke wake akipiga kelele huwa amekaribia kumaliza. "Kimoja tu. Ukimeza, beba kreti zote kumi na nne, na sitaki bei ya leo, nipe ya wiki jana. Baba Cliff, hata wewe. Ukila, ninamfungia Wangwe kamba kwa mikono yangu."

"Mama Cliff, usituaibishe mbele ya mgeni."

"Mgeni ndiye ninayemkaribisha. Nani amekataa chakula? Mimi?"

"Si ungetuwekea tu zile za nyuma," Wangwe alisema, halafu akafunga mdomo ghafla.

"Unazijua za nyuma?"

"Mathe, si kila mtu..."

"Kwako pia ziko?"

Wangwe akavuta miwani kutoka kwenye paji la uso akaivaa.

Hapo kuku mmoja mweusi, mwenye tabia ya kuruka mezani, akaruka. Akanyoosha shingo kuelekea sahani. Zadock akainuka haraka, akampungia mkono, "Shh! Toka! Toka hapo!" na kuku akarukia chini akipiga kelele.

Scovia akamwangalia mumewe mpaka mumewe akaona alichokifanya.

"Kuku umemhurumia," alisema. "Mama yangu hapana."

Scovia akainua sahani, akaenda mpaka kwenye shimo la takataka, akaimwaga na kufukia kwa mguu.

"Hazipandi pikipiki leo," alisema aliporudi. "Zitakaa siku saba."

"Zitaoza!" Wangwe akasema. "Hizi umeshazichuma."

"Hizi nazifukia. Zilizobaki kwenye mti ndizo zitangoja."

"Karo ya Cliff utalipa na mashimo?" Zadock akalipuka. "Sema! Utapeleka shimo chuoni?"

"Nitapeleka kitakachobaki. Na kuanzia leo nyumba hii inakula za chini. Jikoni mwangu hakuna za nyumba na za watu. Ukitaka kula salama, wacha kupiga siku ya kuchuma ikikaribia."

Wangwe alikuwa amekwisha inuka. Alikuwa mfanyabiashara, na hasira za watu zilikuwa kwake kama mvua: unafunika mzigo, unaendelea. Kwa Onyango kulikuwa na kreti kumi. Alipofika kwenye pikipiki akageuka.

"Basi, Mathe, nisaidie kitu kimoja. Vile vitambaa. Watu wa Magunga wamezoea nyekundu, kuna mteja mmoja mzee anaisifu soko nzima. Nipe vichache nifunge kwa za Onyango."

Scovia aliingia ndani. Alitoka na pazia lote lililobaki, kipande kirefu kama mkono na nusu. Wangwe akanyoosha mkono, akitabasamu. Scovia akalikunja pembe tatu, akalifunga kichwani, akakaza fundo nyuma ya shingo.

"Huyo mzee ndiye aliyelishona," alisema. "Nenda."

"Nyekundu ni nyekundu, Mathe," Wangwe alisema, akawasha.

Siku saba zilikuwa ndefu. Nyanya nyingine zilipasuka juani, nyingine mdudu alizitoboa. Zadock alishinda ufukweni na injini zake, akirudi alikula omena bila kuuliza mchuzi una nini, kwa sababu mchuzi haukuwa na nyanya. Alikula akiwa amemgeuzia mkewe mgongo. Siku ya nane zilipatikana kreti tatu, na juu yake akaongeza zile chache za nyuma ya jiko. Scovia alizipeleka Magunga mwenyewe, akatandika gunia sokoni. Hatua kumi mbele yake palikuwa na kibanda cha Beverly, na ndani yake kreti za Onyango, zimejaa, zinang'aa, kila moja imefungwa uzi mwekundu.

"Hizi zilipigwa dawa, zimekaa siku nane," Scovia alimwambia kila aliyeinama. "Na hizi chache zenye madoa hazikupigwa kabisa."

Mwanamke mmoja alisimama na nyanya mkononi. "Zimepigwa? Na mwenzako pale, zake?"

"Muulize yeye."

Mwanamke akavuka, akauliza. "Hazina kitu, mama," Beverly akajibu bila kuinua macho, akampimia. Wa pili akafanya hivyo hivyo. Wa tatu akamwambia Scovia, "Wewe unauza ama unatisha watu?" na watu wakacheka. Mpaka saa tano alikuwa ameuza nusu kreti.

Ndipo Phanice alipokuja, kikapu mkononi, akitembea polepole na bado amekonda. Kwanza alisimama kwa Beverly. Akashika ule uzi mwekundu kwa vidole viwili, akausugua, akauvuta.

"Hii ni uzi wa gunia," alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuishinda kelele ya cherehani. "Imepakwa rangi. Angalia, inaacha rangi kidoleni." Akakiinua kidole chake chekundu juu, wote wakione. "Beverly, ni nani amekupa hii uniuzie mimi?"

"Mama Phanice, mimi naletewa tu..."

"Naletewa, naletewa. Kila mtu analetewa."

Akavuka mpaka kwenye gunia la binti yake. Aliliona pazia kichwani pake, akahamishia macho kwenye nyanya. Akainama kwa shida, akachagua nyanya moja yenye doa, akaisugua kwa leso, akaing'ata akiwa amesimama, mbele ya soko, na maji yake yakamtiririka kwenye kifundo cha mkono.

"Mama, chukua tu. Chukua kikapu kizima."

"Sikuja kuomba." Akafungua pembe ya leso, akatoa noti iliyokunjwa mara nne. "Na bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Hujui. Nipimie ya hamsini. Na usiniongeze hata moja."